Gavana wa Manila: mfalme mdogo au mateka wa watawa?

Kuna mjadala wa siku nyingi juu ya magavana wa Kihispania waliotawala Ufilipino kuanzia karne ya 16 hadi 1898. Wapo wanaowaona kama wafalme wadogo. Wengine wanasema walikuwa mateka wa kanisa na wafanyabiashara wa Manila.

Wa kwanza wana hoja nzito. Gavana aliamuru majeshi, aliongoza mahakama kuu na alimwakilisha mfalme katika mambo ya kanisa. Barua ya kwenda Hispania ilipitia Mexico, na jibu liliweza kuchukua miaka. Sheria yenyewe ilimruhusu kusimamisha amri ya mfalme akiona haifai.

Lakini mwangalie gavana Bustamante. Alifika 1717 akakuta hazina imekauka, wakubwa wa mji wakiwa ndio wadaiwa. Akakagua vitabu, akawafunga, na wengine wakakimbilia makanisani. Alipomkamata hata Askofu Mkuu Francisco de la Cuesta, umati ulioongozwa na watawa ulivamia kasri Oktoba 1719, ukamuua yeye na mwanawe. Askofu akatoka kizuizini moja kwa moja hadi kwenye kiti cha ugavana. Huko mikoani, mtawa mara nyingi ndiye Mhispania pekee mjini, tena anayejua lugha ya watu. Magavana walikuja na kuondoka.

Hata hivyo, siwezi kuwaonea huruma magavana kwa sababu hiyo. José Basco, aliyetawala 1778 hadi 1787, anasifiwa kwa kuipunguzia koloni utegemezi wa fedha za Mexico, na sifa hiyo ni ya haki. Njia yake kuu ilikuwa ukiritimba wa tumbaku wa 1782. Mkulima wa Cagayan, kaskazini mwa Ufilipino, akapangiwa kiasi cha kulima, akauza kwa serikali peke yake, kwa bei ya serikali. Majani yaliyokataliwa yalichomwa bila malipo. Katika karne iliyofuata wakulima walilipwa mara nyingi kwa karatasi za ahadi. Mfumo huo ulidumu karibu miaka 100. Gavana aliyegusa mifuko ya wakubwa aliuawa. Aliyegusa shamba la mnyonge alipata mapato.

Ni kweli kwamba gavana alipomaliza muda wake alichunguzwa, na malalamiko yalipokelewa. Ila mkulima alikuwa ameshaumia tayari.

Tazama pia jinsi mambo yalivyogeuka haraka. Carlos María de la Torre, aliyefika 1869, alilegeza udhibiti wa magazeti na kuwasikiliza wapenda mageuzi. Mwaka 1871 akaja Rafael de Izquierdo, akarudisha mkono wa chuma. Baada ya maasi ya askari na wafanyakazi huko Cavite, karibu na Manila, tarehe 17 Februari 1872, mapadri Gómez, Burgos na Zamora, waliotuhumiwa kuyachochea, wakanyongwa hadharani. Aliyeleta nafuu na aliyeiondoa wote waliteuliwa Madrid, ambako Ufilipino haikuwa na mbunge hata mmoja tangu iliponyang'anywa uwakilishi mwaka 1837.