Ngumi zilianzia kwenye mpira
Mwandishi wa makala ya gemu na watoto anasema gemu za bunduki na kupigana ndizo zinazowafanya watoto wetu wawe wakorofi, na analalamikia pia matusi na picha za uchi zilizomo. Mimi nimeendesha kibanda cha gemu Mwanga, hapa Kigoma, miaka minne, na ngumi nilizoamulia karibu zote zilianzia kwenye gemu za mpira: mtu kafungwa dakika ya mwisho, hataki kuachia pedi ya kuchezea, na anayesubiri zamu keshalipa mia tano yake. Wale wanaocheza GTA, gemu ya majambazi na bunduki, wametulia tuli, wanaiba magari kimya kimya (umeme ukikatika ndipo utawasikia). Hata Marekani walishalumbana sana kuhusu hili, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya huko ikaifuta sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za ukatili. Iliona ushahidi wa madhara hautoshi. Ila kwenye matusi na picha za uchi namuunga mkono mwandishi. Kasha halisi la GTA San Andreas la Ulaya lina alama ya miaka 18. Sisi tunauziwa sidii ya kuchoma ndani ya nailoni, jina limeandikwa kwa maka peni, hiyo alama utaiona wapi? Kuna mtoto wa darasa la tatu alimtukana bibi yake kwa Kiingereza, maana yenyewe haijui, mama mtu akanijia kanga kiunoni. Tangu siku hiyo sidii ile ya San Andreas haitoki kwenye droo kabla ya saa mbili usiku. Wenzangu wenye vibanda Ujiji na Kibirizi, nyie wadogo mnawazuiaje?