Sista Irene Nyaatha, karani wa maskini

Akitajwa Mwenyeheri Irene Stefani, sista Mwitalia aliyefia Nyeri mwaka 1930, wengi wetu hukimbilia muujiza. Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka Msumbiji, makatekista na familia zao walikwama ndani ya kanisa la Nipepe, wakamwomba Sista Irene awaombee. Maji machache yaliyokuwa kwenye kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa, wao na watoto wao. Kanisa liliuchunguza muujiza huo na kuukubali, na tarehe 23 Mei 2015 Kardinali Polycarp Pengo akaongoza misa ya kumtangaza mwenyeheri, hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu, pale Nyeri, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi.

Nauamini muujiza huo. Ninachosikitikia ni kwamba umeifunika miaka kumi na mitano aliyoishi kwetu, na mimi naona huko ndiko kwenye hazina yenyewe.

Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata. Alifika Kenya mapema 1915, binti wa miaka 23, vita kuu vikiwa vimeshaingia Afrika Mashariki. Waingereza waliokuwa wakimwandama von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, walihitaji migongo ya kubebea risasi na vyakula porini, basi vijana wakazolewa vijijini, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Walioangushwa na kuhara damu, malaria na uchovu walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, lakini makaburi yao mengi hayajulikani yalipo.

Hao ndio wagonjwa wa kwanza wa Sista Irene. Alihudumu Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, akiosha vidonda na kuwalisha wasioweza kuinua mkono. Husimuliwa kwamba huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa mmoja ki tupu, akaambiwa ameshakufa na kupelekwa ufuoni pamoja na maiti wengine. Akaenda. Akawapekua wafu mmoja mmoja hadi akampata mtu wake, angali anapumua, akambatiza kama alivyokuwa ameomba.

Wapo wanaokereka na habari hizi za kubatiza wanaokata roho, na hoja yao ina uzito. Serikali iliyowakamata vijana hao ndiyo iliyokuwa ikitawala nchi ambamo misheni zilijengwa, na mtu aliye hoi kitandani hana nguvu ya kubishana na anayemnywesha maji. Siwezi kulifuta hilo, wala sioni sababu ya kulificha. Lakini nikitazama vita ile, ambamo mbeba mizigo alikuwa namba kwenye daftari na akifa analetwa mwingine, yule sista aliyekwenda kumtafuta mtu mmoja katikati ya maiti ananifunza jambo ambalo jeshi zima halikulijua.

Baada ya vita alipelekwa Gikondi, Nyeri, mwaka 1920, akakaa huko hadi kufa. Alifundisha shule, akapanda na kushuka miinuko ile kwa miguu kwenda kwa wagonjwa na kwa akina mama waliojifungua. Ila kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni barua. Wanaume wengi walikuwa wameondoka kwenda mjini na kwenye mashamba ya walowezi kutafuta pesa za kodi. Nyumbani kulibaki wazazi wasiojua kusoma wala kuandika, wasiojua kijana wao yu mzima au la. Sista Irene aliketi nao, akasikiliza, akaandika, na jibu lilipofika akawasomea. Ni kazi isiyo na utukufu wowote: kalamu, karatasi, na uvumilivu wa kumwacha mama mzee aanze habari yake upya mara ya tatu. Sishangai kwamba Agikuyu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma.

Mwaka 1930 tauni iliingia. Alimwuguza mwalimu mmoja aliyekuwa amempinga hapo awali, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39.

Siku hizi huduma kwa maskini imekuwa tukio. Unga unapangwa mezani, bango linatundikwa, mjane anasimamishwa katikati apigwe picha akipokea. Unga ule unaliwa, nami siudharau. Ila aliyeuleta anaondoka bila kujua jina la mjane yule, wala kwamba shida iliyomkosesha usingizi ilikuwa karatasi fulani ya hospitali.

Ndiyo maana ningependa parokia zetu, zinapoadhimisha siku yake kila Oktoba, ziweke meza nje ya kanisa baada ya misa, vijana wenye simu na subira waketi hapo. Wapo wazee hawajui kujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, wapo wanaozungushwa kwa sababu jina la kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye hati ya shamba, wapo wenye ujumbe kwenye simu ambao hawajapata wa kuwasomea. Vijana wale wale wanaoimba kwaya wanaweza kazi hii, na haihitaji harambee.