Toleo la zamani likitupwa, flashi zetu za Goma hazihesabiwi

Kuko mabishano yanarudi kila mwaka kwa watu wa programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu: mradi ubebe matoleo ya zamani mpaka lini? Wengi wanaona ni usafi tu, toa ya zamani, kazi iendelee. Mimi nafundisha vijana Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Goma, tuko na ordinateri nane, tano kati yake ni za Windows 7 tulizonunua kwa mtaa wa Birere, kwa hiyo kwangu hili si swali la usafi.

Nianze na wasimamizi wa miradi juu kweli wako na haki yao. Kila toleo unalobeba ni majaribio ya ziada, ni hitilafu inayotokea fasi moja tu na wewe huna hata hiyo masini ya kuionea, na wengi wao wanafanya usiku, hakuna anayewalipa. Mwaka 2023 hata watu wa kernel ya Linux, kile kiini cha mfumo huria watu wanaweka fasi ya Windows, walisema matoleo yao ya muda mrefu yatashuka kutoka miaka 6 mpaka 2, juu wanaoyatunza wamechoka na wanaoyatumia si wengi. Tena toleo la zamani halifutwi, pip, ile programu ya kupakulia vitu vya Python, ikiona uko na Python ya zamani inakutafutia yenyewe laiburari (kodi iliyoandikwa tayari unayoongeza kwa programu yako) ya mwisho inayokubali. Hakuna mtu anakuja kukunyang'anya kitu.

Mpaka hapo nakubali. Shida iko kwa namna wanavyochagua tarehe.

Angalia Python 3.8. Ilitoka Oktoba 2019 na watu wa Python wenyewe waliibeba miaka 5, mpaka Oktoba 2024. Lakini NumPy, laiburari ya hesabu, ilikuwa na sheria yake ya kubeba kila Python miezi 42, kwa hiyo NumPy 1.25 ya Juni 2023 ikaikataa, zaidi ya mwaka mzima kabla lugha yenyewe haijaiaga. Leo pendekezo linalofuatwa na miradi ya sayansi ni miezi 36. Kwa mtu mwenye masini mpya hiyo 3.8 ni namba tu, anaweka 3.9 anaendelea na chai yake. Sasa 3.9 haiingii kwa Windows 7! 3.8 njo ya mwisho. Mtu anafikiri ametupa toleo moja la Python kumbe ametupa ordinateri nzima, na ordinateri huwezi kubadilisha juu kalenda ya mtu mwingine imefika.

Ukiwauliza wanakuonyesha hesabu ya waliopakua, wanasema ona, wa 3.8 wamebaki kidogo sana. Hiyo hesabu inaninyima usingizi. Mimi napakua mara moja, naweka kwa flashi, naingiza kwa masini zote, halafu kijana anaomba flashi anapeleka kwao Ndosho, kaka yake anachukua anapeleka kwa shule anayofundisha, na hakuna hata mmoja aliyegusa intaneti tena juu mega ni pesa. Kwa ile hesabu sisi wote ni mtu mmoja. Upande mwingine kuko seva ya kampuni fulani Ulaya, kila mara programa anabadilisha mstari moja inajenga upya kila kitu na inapakua upya, mara mia kwa siku, na Python mpya kabisa. Kile kinachohesabiwa hapo ni mara ngapi faili limeshuka, si watu. Sisemi sisi ni wengi kuliko wao, nasema kile kipimo hakina jicho la kutuona, na bado kinatumiwa kusema hatuko.

Watasema Microsoft yenyewe iliacha Windows 7 Januari 2020, ni hatari. Ni kweli, ndiyo maana zile tano haziingii intaneti. Watasema weka Linux. Nimeweka kwa zile tatu zingine, lakini hizi tano jioni zinafanya hesabu za maduka na programu inayotembea kwa Windows peke yake, na yule mwenye duka njo anatulipia nyumba.

Kuna njia ya katikati na imeshafanyika. Desemba 2021, shimo la usalama la Log4j, laiburari ya lugha ya Java, lilipoonekana, wajitolea wa mradi ule walitoa matengenezo ya Java 8, lakini wakatoa pia ya Java 7 na ya Java 6. Hawakuongeza kitu kipya kwa zile za zamani, waliziba shimo basi. Ninachoomba ni hicho: laiburari isitangulie lugha yake kutupa toleo, watu waambiwe mwaka mmoja mbele, na baada ya hapo toleo la mwisho lipate matengenezo ya usalama tu.

Na tuseme sasa, juu zamu ya Windows 10 imefika. Microsoft iliifunga tarehe 14 Oktoba 2025, na masini nyingi ninazoona Birere hazina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya masini ambacho Windows 11 inadai. Python 3.14 bado inaikubali Windows 10. Mimi nimeshaanza kupakua, NumPy 1.24.4 ya wale wa 3.8 iko kwa flashi tatu, moja ikiharibika mbili zinabaki, na za Windows 10 nazipanga kwa flashi ya nne.