Mwenye Nyumba Aliyeandika Kama Tapeli

Yule dada wa kwenye rekodi hagombani na mtu. Ukisema haloo, anaendelea. Ukimtukana, anaendelea. "Ndugu mteja, mkopo wako umepitiliza siku ya kulipa. Kama utalipa leo, bonyeza moja. Kama utalipa kesho, bonyeza mbili." Cha kubonyeza kwa mtu ambaye hajakopa hakipo.

Mimi nauza mafuta ya alizeti soko la Majengo, hapa Dodoma. Siku hiyo namjazia mama mmoja dumu la lita 5, mkono mmoja umeshika faneli, mwingine ndoo, simu ikaanza kutambaa juu ya meza. Nikaweka ndoo chini, nikaipokea kwa kidole gumba kilicholowa mafuta. Kidole kikateleza, kikagusa spika. Dada akatangaza deni langu mpaka kwa wauza dagaa. Mama akalitazama dumu, akanitazama mimi, akauliza kwa upole: "Mwanangu, haya mafuta lakini umeyalipia?" Jirani yangu wa karanga, ambaye ana hela yangu tangu msimu uliopita, akatikisa kichwa kwa huruma. Sasa nikimdai ananijibu, "Vumilia kaka, si hata wewe unayajua haya mambo."

Deni lenyewe si langu. Nilipiga *106# kuangalia kama kuna laini ngeni imesajiliwa kwa kitambulisho changu. Hakuna, zote zangu. Nilikuja kuelewa siku alipopiga binadamu badala ya rekodi.

"Unamfahamu huyu?" Akataja jina la fundi bomba.

Namfahamu sana. Ndiye aliyeletwa na mwenye nyumba wangu kule Chang'ombe kutengeneza bomba la uani. Alifungua koki, akachukua hela ya vifaa, akaondoka na koki. Mpaka leo bomba limezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Amekuweka kuwa mdhamini wake."

Mdhamini gani! Hizi programu za mikopo ya kwenye simu, ukizipakua zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi. Ukichelewa kulipa wanaanza kupiga kwa wote: shemeji, mchungaji, balozi wa mtaa, na sisi wa bomba. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, tukashangilia hapa sokoni kama tumefunga goli. Dada wa rekodi hakusomewa ile orodha.

Nikamwambia yule bwana, ukimpata fundi mwambie arudishe koki. Akanionya nisilete utani kwenye masuala ya fedha.

Basi nikawa na hasira na kila kinacholia. Na matapeli nao hawalali. Leo "ile hela tuma kwenye namba hii", kesho babu mganga wa utajiri usio na masharti, keshokutwa umeshinda shindano ambalo hukushiriki. Meseji zao zote nazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, na nikiulizwa namba ya tapeli naiandika kwa raha kama mtu anayesaini posho.

Ndipo ukaingia ujumbe huu: "Habari. Ile hela ya kodi nitumie kwenye namba hii. Ile ya zamani usitumie ina matatizo. Jina litakuja la mwanamke. Mimi mwenye nyumba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni kweli kodi ilikuwa imeiva, tena ya miezi 6, lakini ujumbe kama huo unatumwa kwa wapangaji wa nchi nzima, lazima umkute mmoja ambaye kodi yake imeiva. Nikajibu: "Sawa mzee, nimeshaingiza namba. Jina limekuja la mamba. Niendelee?"

Akapiga. Sauti inakwaruza, nyuma mbuzi wanalia. "Wewe kijana una akili timamu?"

Nikaona huyu tapeli amesomea. Nikampa mtihani. "Kama wewe kweli ni mwenye nyumba wangu, niambie, bomba la uani linatengenezwa lini?"

"Wiki ijayo," akasema, bila kusita.

Mke wangu alikuwa pembeni anachambua mlenda. Akainua kichwa. "Huyo ni mzee mwenyewe. Tapeli angesema kesho."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshanoga. Nikamwambia yule bwana aache kuhangaisha watu, Mtumba kule serikali inajenga, aende akabebe zege apate hela ya halali. Nikambloku. Nikapeleka namba yake 15040 na mamba wake.

Mzee anaishi Kondoa. Alipanda basi la alfajiri, na kabla jua halijakaa sawa alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kofia kichwani, bakora mkononi, vumbi la kituoni bado liko kwenye viatu.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Alinitazama, akatazama uani, akatazama gunzi kwenye bomba. "Zege liko wapi?"

Mke wangu akakimbilia jikoni, eti chai. Nilimsikia akicheka na kikombe.

Tulivyokaa ndipo habari ikatoka. Kumbe laini yake ya zamani aliizima mwenyewe, kwa sababu fundi alikuwa amemweka naye kuwa mdhamini, na yule dada alikuwa anampigia mpaka msikitini. Akaenda kusajili laini mpya. Vidole vyake vimesagika na jembe la miaka yote, mashine ya alama za vidole ikakataa kuvisoma, akavifuta kwa kanzu, ikakataa, akavipaka mate, ikakataa. Mkwewe akasajili kwa vidole vyake. Ndiyo hilo jina la mwanamke.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ujumbe wake ulikosa mganga tu.

"Ulitaka niandikeje?" akauliza.

Nikajaribu kumtungia. Mzee anataka kodi, namba imebadilika, jina ni la mtu mwingine. Niligeuza maneno hivi na hivi, kila nikimaliza inatoka ile ile ya tapeli. Matapeli wameichukua lugha yote ya mtu anayedai haki yake, wametuachia basi la Kondoa. Kwa hiyo mpaka leo nashikilia kwamba mimi nilikuwa sahihi, na yeye anashikilia nauli. Nililipa ya kuja na ya kurudi, pamoja na chapati.

Kodi aliitaka mkononi. Akazihesabu noti kwa kulamba kidole, zile za mafuta mafuta akiziinua juu dirishani, akarudia tena kuzihesabu. Alipofika katikati ya hesabu ya pili simu yake ikatoa mlio. Akanipa nimsomee, macho hayamsaidii. Namba ngeni.

"Shikamoo mzee. Mimi fundi. Ile hela ya bomba iliyobaki naomba nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo. Jina litakuja la mwanamke."

Mzee akaacha noti. "Huyu ni yeye, au ni wale wale?"

"Mpigie," nikamwambia, "muulize anakuja lini. Akisema wiki ijayo, ni yeye."