Waya umeingia, basi?

Juzi nilikuwa Mwanjelwa kwenye kibanda cha stesheneri, nataka kuchapa fomu ya shule ya mwanangu. Fomu iko kwenye simu, bando limekata. Nikatoa waya mfukoni, nikampa dada wa pale achomeke kwenye kompyuta. Chaji ikaanza kuingia. Kompyuta kimya. Tukachomoa, tukageuza, tukazima tukawasha. Foleni nyuma yangu inaguna. Fundi mmoja aliyekuwa mlangoni akaniambia mfumo wa chaji umekufa, nimpe shilingi 15,000 aubadilishe. Dada akachomoa waya wa simu yake mwenyewe, akajaribu, na mafaili yote yakatokea.

Waya wangu ulikuja na tochi ya sola. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Huu wa tochi una mbili za umeme tu. Tochi ina nini cha kuiambia kompyuta?

Mtengeneza tochi simlaumu. Namlaumu muuzaji anayeniambia "Taipu-C hiyo, bosi" kana kwamba amemaliza, nami ninayeitikia na kulipa. Taipu-C, yaani kile kichwa chembamba cha waya kinachoingia upande wowote, ilitoka mwaka 2014, iPhone ikaikubali mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa simu mpya tangu mwisho wa 2024. Sawa, tundu limekuwa moja. Nyaya bado kila mmoja na tabia yake.

Kwa laptopu ndiyo usiseme. Waya wa Taipu-C wa kawaida hupitisha ampea 3, yaani mwisho wake wati 60. Ukitaka zaidi, lazima waya uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa chake. Zipo nyaya zinazofika wati 240. Chomeka ule wa simu kwenye laptopu inayodai wati 100 uone: asilimia zinapanda kama lori la mbao Kitonga.

Kinyume chake hakina shida, ingawa mama mkwe wangu kule Tukuyu hataki kusikia. Kwake, chaja ya laptopu "itaipasua" simu. Hapana, mama. Chaja nzuri ya Taipu-C huanza na volti 5 na haiongezi mpaka simu iombe. Mimi nasafiri na chaja moja, ya laptopu, na simu haijawahi kulalamika. Chaja za bei ya karanga ni habari nyingine.

Siku hizi nikienda kununua waya nabeba simu yangu na kutafuta duka lenye kompyuta. Namwambia muuzaji achomeke kwanza, nione mafaili kabla sijatoa hela. Wengine wananuna. Ule wa tochi nimeufunga uzi mwekundu na kuutundika msumarini jikoni, na mwanangu ameubandikia karatasi: UMEME TU.