Madrid hadi Lisbon kwa Dakika Ishirini

Tiketi ya kwenda iliandikwa: kuondoka Lisbon 10:00, kufika Madrid 12:20. Ya kurudi: kuondoka Madrid 13:05, kufika Lisbon 13:25. Nikapiga hesabu. Kwenda saa mbili na dakika ishirini, kurudi dakika ishirini. Mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nikakumbuka kwamba Madrid iko mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari na Lisbon iko pwani, nikajiambia: ah, mteremko.

Nikampigia binamu yangu aliyeko Lisbon. "Kaka, bandika chai, dakika ishirini nipo hapo."

"Umepanda ndege au kombora?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili ni kilomita 510 na kidogo kwa mstari ulionyooka. Kuzimaliza kwa dakika ishirini kunataka mwendo wa kilomita 1,500 kwa saa, kuipita sauti, na Concorde, ndege ya abiria iliyoweza hayo, ilistaafu mwaka 2003.

Kwenye ukaguzi nilikuwa na chupa ya maji ya lita moja. Mkobani kiliruhusiwa kimiminika cha mililita 100 tu kwa kila chupa. Kumwaga maji niliyoyanunua kwa yuro zangu? Nikayanywa yote palepale. Choo nilikipita mlangoni. Dakika ishirini mwanamume havumilii?

Kiti changu kilikuwa cha dirishani. Saa 7:05 mlango ukafungwa, ndege ikaanza kutambaa. Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, una njia nne za kurukia na kila moja iko mbali na ulipo. Saa yangu ilipofika 7:25, wakati wa kutua, magurudumu ndiyo kwanza yanaiacha ardhi ya Hispania.

Safari fupi haina katikati. Ndege hutumia karibu kilomita 200 kupanda na nyingine kama hizo kushuka, na safari hiyo taa ya mkanda iliwaka kote huko. Zinabaki kilomita mia moja, dakika saba au nane, za kwenda haja. Siku hiyo nane zangu zililiwa na kitoroli cha kahawa kilichoziba njia. Kilipoondoka, rubani akatangaza tunashuka.

Bibi wa Kireno kando yangu aliniona ninavyojipinda. Nikamwonyesha tiketi, kidole kwenye 13:25. Akacheka mpaka machozi, akavua saa yake ya mkono na kuirudisha nyuma saa nzima. Ndipo nilipoelewa: saa ya kuondoka ni ya Madrid, ya kufika ni ya Lisbon, na Madrid iko mbele ya Lisbon kwa saa moja mwaka mzima. Kwenda unaipoteza, kurudi unarudishiwa. Safari ni saa moja na dakika ishirini pande zote mbili. Na ule mteremko wangu? Huko pepo za juu huvuma zaidi kutoka magharibi, kwa hiyo kurudi ndiko kupanda mlima.

Tuliegeshwa mbali na jengo. Likaja basi, likamsubiri abiria wa mwisho, aliyekuwa na mtoto, kigari na mabegi matatu.

Binamu alikuwa pale wanapotokea abiria, akitazama saa ya ukutani. "Kaka, dakika ishirini kweli!" Nilimpita mbio bila salamu.