Casement: jina la watu wachache lililoenea Ireland nzima

Ukitafuta jina lolote la ukoo la Kiairishi kwenye tovuti zinazouza asili za watu, mara nyingi utapewa vitu vitatu: ramani yenye kaunti moja iliyopakwa rangi, nembo yenye simba au mkono mwekundu, na sentensi inayosema ukoo huu ulitokana na chifu fulani wa kale. Kwa majina makubwa watu hawajali sana, maana wenye majina hayo ni wengi na kila mtu ana hadithi yake ya nyumbani. Kwa jina adimu, ramani ya namna hiyo inadanganya, na mimi naona inawanyima watu historia yao. Nitachukua jina moja tu, Casement, kwa sababu ndilo ninalolifahamu vizuri na kwa sababu linatuhusu Waafrika zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza, tuelewe uadimu wenyewe. Mwaka 1894, Robert Matheson wa ofisi ya usajili mjini Dublin alichapisha ripoti juu ya majina ya koo za Ireland, akitumia vizazi vilivyosajiliwa mwaka 1890. Murphy walikadiriwa kuwa watu 62,600, Kelly 55,900, Sullivan 43,600. Jedwali lake kubwa lilichukua majina yaliyosajiliwa angalau mara 5 katika mwaka ule. Koo ambazo watoto wao walizaliwa wawili au watatu mwaka huo hazikupata nafasi humo. Tangu hapo, sehemu kubwa ya yanayoandikwa juu ya majina ya Kiairishi inawahusu walioingia kwenye jedwali. Walio nje wamebaki kubahatisha, na penye kubahatisha wauza nembo ndipo wanapopata soko.

Na hizo nembo ni biashara tupu. Kwa utaratibu wa Ireland wenyewe, nembo hutolewa kwa mtu fulani na uzao wake. Haiwi mali ya kila aliyezaliwa na jina linalofanana na lake. Anayekuuzia "nembo ya ukoo wa Casement" kwenye kikombe cha chai anakuuzia kitu ambacho si chake na wala si chako.

Turudi kwenye jina. Anayejua Kiingereza atadhani Casement linahusu dirisha, maana neno la namna hiyo lipo na lina maana hiyo. Halihusiani kabisa. Jina limetoka Kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kilicho katikati ya bahari kati ya Ireland na Uingereza. Kisiwa hicho kilitawaliwa na wafalme wenye asili ya Norwe hadi mwaka 1266, na watu wake waliendelea kusema lugha iliyo ndugu wa Kiairishi. Waviking walikuja na majina yao, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakaitwa kwa desturi ya wenyeji: Mac, yaani mwana wa. Mtoto wa Ásmundr akawa Mac Asmund. Jina Ásmundr lenyewe ni la Kinorse cha kale, limeungwa kwa maneno mawili, mungu na ulinzi.

Kisha wenyeji wa Man wakalifanyia jina hilo walichoyafanyia majina yao karibu yote. Waliacha mwanzo wa Mac na kubakiza sauti ya mwisho tu, ile "k", ikagandana na jina la baba. Ndiyo maana majina ya koo za Man yamejaa C, K na Q mwanzoni. Mwana wa Olaf akawa Cowley. Mwana wa Ottar akawa Cottier. Mac Asmund akawa Casmund, na karani baada ya karani, kila mmoja akiandika alivyosikia, likafika Casement.

Hapa pananigusa sana, kwa sababu ukivuka bahari kwenda Ireland unakuta ndugu wa majina hayo hayo wakiwa wamevaa mavazi mengine. Olaf yule yule ndiye aliyezaa jina McAuliffe. Ottar yule yule ndiye aliyezaa Cotter la Cork. Hakuna anayethubutu kusema McAuliffe si jina la Kiairishi, ingawa baba wa jina ni Mviking. Lakini likitajwa Casement, utasikia mtu akisema, "Hilo si la kwetu, ni la Man." Tofauti ni safari moja ya ziada tu: McAuliffe lilikua Ireland, Casement lilikua kisiwa cha jirani kisha likahamia.

Lilihamia mwanzoni mwa karne ya 18. Familia ilitoka Ramsey, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Man, ikaingia kaunti ya Antrim kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Ireland. Wakanunua ardhi karibu na Ballycastle, na nyumba yao ya Magherintemple ndiyo iliyokuja kuwa kitovu cha jina. Tawi jingine likakaa Cronroe, kaunti ya Wicklow, kusini mwa Dublin. Zaidi ya hapo jina lilikuwa la kuokota moja moja. Walikuwa Waprotestanti, wenye ardhi, watu wa tabaka lililotoa maofisa wa jeshi la Uingereza. Mmoja wao, Sir William Casement, alikuwa jenerali katika jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India na akafariki mwaka 1844. Kwa hiyo ukitaka kuchora ramani ya Casement ya karne ya 19, usichore kaunti. Chora kijiji kimoja cha pwani ya Antrim, halafu chora njia za meli.

Anayetaka kulifuatilia jina adimu kama hili lazima ajue pia kilichopotea. Sensa za Ireland za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote mwaka 1922, jengo la nyaraka la Four Courts mjini Dublin lilipolipuka na kuungua wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 zilikuwa zimeharibiwa kabla ya hapo kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi chakavu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukoo wa maelfu unastahimili hasara kama hiyo. Ukoo wa nyumba chache unaweza kupoteza vizazi vitatu kwa mara moja.

Kilichosalia kizima ni sensa ya 1901 na ya 1911, na zote mbili zinasomwa bure mtandaoni. Namshauri kila anayependa mambo haya afungue fomu moja tu aitazame kwa utulivu. Mkuu wa kaya alijaza kwa mkono wake: majina ya walio nyumbani, uhusiano, dini, kama anajua kusoma na kuandika, umri, kazi, kama ameoa, alipozaliwa, na kama anasema Kiairishi. Safu ya mahali pa kuzaliwa kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Humo utaona jina limeandikwa chini ya kaunti moja, na mwenye jina amezaliwa kwingine kabisa, wakati mwingine bara jingine. Ramani yenye rangi moja haiwezi kubeba habari hiyo.

Sasa nije kwa mtu aliyelifanya jina lijulikane, na ambaye kwa sababu yake mimi nililisikia. Roger Casement alizaliwa mwaka 1864 Sandycove, karibu na Dublin. Alipofiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mtoto, alilelewa na ndugu wa baba yake Magherintemple. Kaka yake Charles alihamia Australia. Kaka mwingine, Tom, alizunguka hadi Afrika Kusini, kisha akarudi Ireland kuongoza huduma ya uokoaji ya pwani baada ya uhuru. Roger mwenyewe alifika Kongo mwaka 1884 akiwa kijana wa miaka 20, na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza katika nchi ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, ambayo kwa kweli ilikuwa shamba binafsi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Mwaka 1903 alikodi boti ya mvuke ya wamisionari, Henry Reed, akapanda Mto Kongo. Hakufika Kivu wala Katanga. Safari yake ilikuwa mto wenyewe na vijito vyake hadi eneo la Lulonga. Alichofanya kilikuwa kitu rahisi ambacho wengi hawakuwa wamekifanya: aliwauliza wanakijiji na kuandika walichomjibu. Walimweleza habari ya kodi iliyolipwa kwa utomvu wa mpira, wanawake waliowekwa rehani mpaka waume zao walete vikapu, vijiji vilivyohamwa, askari waliokata mikono. Kijana mmoja, Epondo, alimwonyesha mkono uliokatwa na kumtaja kwa jina mlinzi aliyemkata. Ripoti ilitoka Februari 1904. Mwezi uliofuata chama cha kutetea Kongo kikaanzishwa Uingereza, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia nchi.

Halafu maisha yake yakageuka. Baada ya uchunguzi kama huo Putumayo, huko Amazon, alipewa cheo cha Sir mwaka 1911, kisha akaiacha kazi ya Uingereza na kujiunga na wapigania uhuru wa Ireland. Aprili 1916 alishushwa na nyambizi ya Kijerumani kwenye ufuo wa Banna, kaunti ya Kerry, akakamatwa saa chache baadaye. Alivuliwa cheo na kunyongwa kwa uhaini katika gereza la Pentonville, London, tarehe 3 Agosti 1916.

Aliomba azikwe Murlough, ghuba ndogo karibu na Ballycastle, palipo kwao. Mifupa yake ilikaa kwenye kiwanja cha gereza hadi 1965, na Uingereza ilipokubali kuirudisha iliweka sharti kwamba isizikwe Ireland Kaskazini. Akazikwa Glasnevin, Dublin, kwa mazishi ya kitaifa, Rais de Valera akiwa amesimama kwenye baridi akiwa na miaka 82. Yaani ukoo mdogo namna hii, na mwanawe maarufu kuliko wote ndiye aliyekatazwa kurudi kwenye kipande kimoja cha ardhi ambako jina lake ni la wenyeji.

Tazama sasa lilipo jina. Uwanja wa ndege wa kijeshi wa Baldonnel, karibu na Dublin, unaitwa Casement. Kituo cha treni cha Tralee, Kerry, kinaitwa Casement. Belfast magharibi kuna Casement Park, uwanja wa michezo ya jadi ya Kiairishi uliofunguliwa 1953. Haujachezewa mechi tangu 2013, na ujenzi wake mpya umekuwa mada ya ugomvi wa kisiasa miaka yote hii. Dún Laoghaire kuna sanamu yake. Wenye jina hilo katika maeneo mengi ya haya ni wachache mno au hawapo kabisa, lakini watu wanalitamka kila siku wakipanda treni au wakibishana kuhusu uwanja.

Ndiyo maana nasema jina la ukoo lina mitawanyiko miwili. Upo wa waliozaliwa nalo, ambao kwa Casement ni Man, Antrim, Wicklow na popote meli zilipowapeleka. Na upo wa waliolipokea bila kuzaliwa nalo. Wataalamu wa nasaba wanauhesabu wa kwanza na kuupuuza wa pili. Kwangu wa pili una uzito sawa, pengine zaidi, kwa sababu unaonyesha jina lilifanya nini lilipofika. Anayeniambia Casement si jina la Kiairishi kwa sababu asili yake ni mwana wa Mviking wa Man, basi anieleze kwa nini limeandikwa kwenye kituo cha treni cha Kerry.

Lipo jambo moja linaloniuma katika habari yote hii. Ripoti ya 1904 ilipochapishwa, wizara ya mambo ya nje mjini London iliondoa majina ya mashahidi na ya vijiji, ikaweka herufi. Waliosimulia mateso yao wakawa Q.Q. au R.R., na Casement alikasirika sana, kwa sababu aliona ushahidi bila majina unaonekana kama uzushi. Casement aliyeandika alitokana na ukoo ambao haukujaza hata kijiji, na jina lake linahifadhiwa kwenye viwanja. Waliomsimulia ni watu wa mto mzima, na majina yao yalifutwa kwa kalamu ya karani.

Nakala zenye majina kamili zilibaki kwenye nyaraka London, na mwaka 2003 wasomi wa Ireland walichapisha ripoti upya majina yakiwa yamerudishwa. Zaidi ya karne moja tunawafuatilia kina Casement mpaka Ramsey. Wanahistoria wa Kongo na wanaopenda nasaba wana orodha ile mkononi sasa: majina ya watu, vijiji na vijito, pamoja na tarehe alipopita mwandishi. Kazi ya kuwafuatilia wajukuu wa Epondo na wenzake ifanywe kwa bidii ile ile, na ifanywe na watu wa huko huko.